Habari za tafiti za tiba zichapwe pamoja na idadi ya watu

Ndugu Mhariri,

Habari za utafiti wa tiba zinapofika magazetini, kichwa cha habari mara nyingi hubeba asilimia moja tu: dawa fulani imepunguza vifo kwa asilimia 50, kinywaji fulani kinaongeza maradufu hatari ya saratani. Ombi langu ni moja, nalo halihitaji zaidi ya mistari miwili ya gazeti lako: kila asilimia ya namna hiyo iandamane na idadi ya watu iliyoizaa. Wangapi walipewa dawa, wangapi hawakupewa, na katika kila kundi wangapi walifikwa na jambo lililopimwa.

Chukua hiyo asilimia 50. Ikiwa bila dawa hufa wagonjwa 200 katika kila 1,000, na kwa dawa wakafa 100, basi katika kila wagonjwa 10 wanaotibiwa mmoja anaokolewa na dawa. Ikiwa bila dawa hufa 2 katika 1,000 na kwa dawa akafa 1, asilimia ni ile ile, lakini sasa watatibiwa watu 1,000 ili anusurike mmoja. Wale 999 waliobaki watameza dawa, wataigharamia na kubeba madhara yake bila kupata faida hiyo. Dawa ya kwanza daktari ataisisitiza. Ya pili atakaa na mgonjwa waipime pamoja. Kichwa cha habari hakiwezi kuzitofautisha.

Uingereza ililipa gharama ya kosa hili. Oktoba 1995 mamlaka za usalama wa dawa huko zilitoa onyo kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu, yaani vile vipya wakati huo, vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Vyombo vya habari vikalibeba neno "maradufu" kama lilivyo. Nyuma yake, waliopatwa na tatizo hilo walikuwa takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa vidonge vya zamani, na 2 kati ya 7,000 kwa vidonge vipya. Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Onyo halikuwa la uongo, ila lilinyimwa nusu yake iliyokuwa na manufaa kwa msomaji.

Idadi peke yake nayo haitoshi kama hatujui makundi yaligawanywaje. Jaribio la streptomisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, bado ni mfano mzuri wa kufundishia. Wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko kitandani, 52 wakapewa mapumziko tu. Nani aingie kundi gani liliamuliwa kwa namba za bahati nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, na picha za eksirei zilisomwa na wataalamu wasiojua mgonjwa yupi kapata nini. Miezi sita baadaye walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Bahasha ile ndiyo kiini. Daktari akiachiwa achague, huelekea kuwapa dawa mpya wale anaodhani wataimudu, na mwisho wake dawa husifiwa kwa nguvu ambazo wagonjwa walikuja nazo. Mwandishi wa habari akiona utafiti uliowalinganisha watu waliojichagulia wenyewe kunywa au kutokunywa kitu, aandike kwamba wanywaji walionekana kuugua mara chache kuliko wasiokunywa, asiandike kwamba kinywaji kinakinga. Wanaokinywa huenda ndio hao hao wasiovuta sigara na wenye kipato cha kuwahi hospitali.

Jaribio hilo linatufundisha pia kuuliza muda. Miezi sita ilionyesha tofauti kubwa, lakini kwa wagonjwa wengi vijidudu vilijenga usugu wakati matibabu yakiendelea, na ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Habari inayosema dawa "imefanikiwa" bila kutaja kwamba wagonjwa walifuatiliwa kwa wiki au kwa miaka inamwachia msomaji akisie.

Kisha kuna swali la nini hasa kilipimwa, na hapa ndipo hata wataalamu huteleza. Miaka ya 1980, watu waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa dawa za kutuliza mapigo yaliyokosa mpangilio. Hoja ilionekana kamili: mapigo hayo huambatana na vifo vya ghafla, dawa huyatuliza, basi dawa itaokoa maisha. Jaribio liitwalo CAST likazilinganisha dawa mbili za aina hiyo, enkainidi na flekainidi, na vidonge visivyo na dawa ndani yake. Mapigo yalitulia kweli. Lakini katika ripoti ya 1991, kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa hizo walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26. Kwa hiyo utafiti ukisema dawa imeshusha kiwango fulani katika damu, au imepunguza uvimbe kwenye picha, gazeti liseme hivyo hivyo na kuongeza kama vifo au ulemavu vilipimwa au la. Kushuka kwa kipimo na kupona kwa mtu ni mambo mawili.

Sentensi nyingine inayohitaji idadi kuliko zote ni ile isemayo "hakuna madhara yaliyoonekana". Ipo kanuni nyepesi ambayo mhariri yeyote anaweza kuitumia bila kikokotoo: ikiwa jambo halikumtokea hata mmoja kati ya watu waliochunguzwa, gawa 3 kwa idadi yao, nawe utapata kiwango cha juu ambacho jambo hilo bado linaweza kufikia, kwa uhakika wa asilimia 95. Watu 30 bila dhara lolote? Dhara hilo bado linaweza kuwapata hadi 10 katika kila 100. Watu 3,000? Hadi 1 katika 1,000. Kauli ile ile kutoka tafiti mbili hubeba uzito tofauti kabisa.

Upande wa vipimo vya magonjwa nao una mtego wake. Tuseme kipimo hunasa wagonjwa 90 katika kila 100, na huwaacha huru wazima 95 katika kila 100. Kinasikika kizuri. Kipeleke kwa watu 10,000 ambao asilimia 1 kati yao wanaumwa. Wagonjwa ni 100, kipimo kinawanasa 90. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani watu 495, wataambiwa wanaumwa. Jumla ya waliopata jibu la "unaumwa" ni 585, na wagonjwa wa kweli ndani yake ni 90, kama 15 katika kila 100. Kipimo hicho hicho kikitumika hospitalini kwa watu ambao nusu yao wanaumwa, karibu 95 katika kila 100 wanaopata jibu hilo ni wagonjwa kweli. Habari yoyote kuhusu kipimo kipya inayotaja "usahihi wa asilimia 90 na kitu" bila kusema kitatumika kwa nani, haijampa msomaji jambo la kushika.

Nigusie pia matokeo yanayovuliwa kutoka vikundi vidogo vidogo ndani ya utafiti mkubwa. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988 lilichunguza wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo. Ndani ya wiki tano, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa 804 kati ya 8,587 waliopewa aspirini, na 1,016 kati ya 8,600 wasiopewa. Yaani aspirini iliwaokoa kama watu 24 katika kila 1,000. Watafiti wakawagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa, kwa makusudi ya kuonya, na ikaonekana aspirini haiwafai waliozaliwa chini ya nyota za Mapacha na Mizani. Ni bahati nasibu tupu. Ukifanya ulinganisho 20 wa mambo yasiyo na tofauti yoyote, kila mmoja kwa kigezo cha kawaida cha 0.05, yaani kinachoruhusu bahati nasibu kutudanganya mara 5 katika kila 100, uwezekano wa angalau mmoja kuonekana "wa maana" ni takriban asilimia 64. Dawa ikitangazwa kuwa haikufaa kwa jumla ila imefaa kwa wanawake wenye umri fulani na uzito fulani, habari hiyo isubiri utafiti wa pili.

Utafiti wa panya au wa seli ndani ya chombo cha maabara utajwe hivyo kwenye kichwa cha habari chenyewe. Rasimu ambayo haijapitiwa na wataalamu wengine itajwe hivyo katika aya ya kwanza.

Idadi hizi hazijafichwa. Makala ya utafiti huziweka katika muhtasari au katika jedwali la matokeo, na jaribio la tiba lililofanywa sawasawa lina namba ya usajili. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba hukataa jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuandikisha mgonjwa wa kwanza. Mwandishi afungue usajili huo na kulinganisha jambo kuu ambalo watafiti walisema mapema watalipima na lile wanalolitangaza sasa. Yakitofautiana, hilo ndilo swali la kwanza la kuwapigia simu.

Mtakwimu wa tafiti za tiba