Malalamiko: kadi yangu ilichotwa nikiwa kwenye simu na ninyi

Dar es Salaam,
17 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Kadi

YAH: KUKATWA DOLA 742 KWA MIAMALA AMBAYO SIKUIFANYA

Ndugu Meneja,

Mimi ni fundi cherehani, na mteja wenu tangu 2016. Usiku wa kuamkia Jumatano, 19 Februari, nilikuwa macho nikikunja pindo la gauni la bibi harusi. Saa 8:12 ukaingia ujumbe wenu: muamala wa dola 1 umekamilika kwenye duka la mtandaoni ambalo hata jina lake sijawahi kulisikia. Dola moja ingeweza kunipita. Lakini wezi wa kadi ndivyo wanavyoanza, wanajaribu kidogo waone kama kadi iko hai, kisha wanakuja kuchota. Saa 8:14 nilishapiga namba yenu ya dharura, ile iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Nikawekewa muziki. Kila baada ya muda sauti inaniambia simu yangu ni muhimu kwenu. Salio likaisha, nikakopa vocha, nikapiga upya na kuanza foleni mwanzo. Nikiwa hapo hapo kwenye foleni, saa 8:21 zikaondoka dola 189, saa 8:26 dola 240. Saa 8:33 akapokea kijana wenu, mpole kwa kweli, akaanza kunihakiki: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, tawi nililofungulia akaunti. Nikamsihi, "Mdogo wangu, funga kadi kwanza, maswali baadaye." Akasema utaratibu haumruhusu. Saa 8:38, bado tunaulizana, zikaondoka dola 312. Kadi ikafungwa saa 8:41.

Asubuhi nilikwenda polisi nikachukua RB, hati ya kuonyesha nimeripoti, kisha nikajaza fomu ya kupinga miamala tawini kwenu. Jibu limekuja baada ya wiki tatu, mistari miwili: taarifa za kadi zilizotumika ni sahihi, hivyo mteja anawajibika.

Hapo sikubaliani nanyi kabisa. Namba 16 zimechapwa mbele ya kadi, na 3 nyuma yake. Anaweza kuzinakili mhudumu wa hoteli, au zikaibwa kwenye duka la mtandaoni nililonunulia sindano mwaka jana. Kuwa sahihi kunaonyesha tu kwamba mtu anazo. Hakuonyeshi kwamba mtu huyo ni mimi. Kinachonitambulisha mimi ni namba ya uthibitisho mnayotuma kwenye simu yangu. Nikiagiza vipuri vya cherehani huwa mnaituma. Usiku ule, kwa miamala yote minne, haikuja hata moja. Kwa nini? Nimeuliza mara tatu tawini na barua yenu haikuligusa swali hilo.

Kwa upande wangu, sihifadhi kadi kwenye tovuti yoyote, sibonyezi viungo vya kwenye meseji, na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Namba ya uthibitisho sijawahi kumtajia mtu, hata yule aliyenipigia akijiita ofisa wenu.

Naomba mnirudishie dola 742 na kufuta riba mliyoanza kunihesabia juu ya deni ambalo si langu. Naomba pia mdai fedha hizo kwa benki ya muuzaji kabla muda wa kupinga haujapita, maana nafasi hiyo ni ninyi mnayo, si mimi. Na kwa ajili ya wateja wengine, wekeni kwenye programu yenu kitufe cha mteja kufunga kadi mwenyewe. Ningekuwa nacho saa 8:14, ingepotea dola moja tu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka jalada hili Benki Kuu ya Tanzania.

Wenu,
Mteja mwenye kadi

Viambatisho: nakala ya RB, picha za jumbe nne za miamala, orodha ya simu nilizopiga usiku huo, na barua yenu.