Sindano ya mwezi ipatikane zahanati

Ndugu Mhariri,

Kila tunapozungumzia afya ya akili vijijini, tunaishia kwenye uhaba wa madaktari bingwa na ujenzi wa wodi. Sipingi. Ila wagonjwa wengi wa skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) huku hawapotei kwa kukosa bingwa. Wanapotea mwezi wa pili baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali ya akili ya Mirembe au hospitali ya mkoa. Mtu ametulia, kapewa dawa za mwezi mmoja, zimeisha, na zahanati ya kijiji haina. Kumrudisha mjini ni nauli ya watu wawili, maana hasafiri peke yake. Familia inasubiri mavuno, na mavuno yanamkuta kesha fungwa kamba.

Dawa ya kuziba pengo hilo ipo na ni ya zamani: flufenazini ya sindano, wengi tunaiita Modecate. Kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, kwa kipimo alichopangiwa mgonjwa hospitalini. Haitaki friji, ikae tu mbali na joto kali na mwanga. Kwa kuwa imechanganywa na mafuta, bomba na sindano viwe vikavu kabisa, sindano iwe nene (geji 21), na ichomwe ndani ya msuli wa tako. Nesi anayechoma sindano za uzazi wa mpango hashindwi.

Kwa nini basi rafu ni tupu? Maombi ya dawa hukokotolewa kwa matumizi yaliyopita. Dawa isiyokuwepo haitumiki, na isiyotumika haiombwi. Ripoti inaandikwa sifuri, na wilayani sifuri hiyo inasomwa kwamba kijiji hakina wagonjwa! Waganga wafawidhi, yaani wasimamizi wa zahanati, waombe kwa idadi ya wagonjwa. Mgonjwa wa kila wiki nne anahitaji sindano 13 kwa mwaka, hivyo wagonjwa kumi ni vichupa 130 vya miligramu 25 kama kila mmoja anachomwa kimoja. Ongeza robo kwa ajili ya wanaochomwa mapema zaidi.

Pamoja nayo viombwe vidonge vya benzeksoli, vya kutuliza madhara ya sindano hii, na hili ndilo husahaulika. Siku chache baada ya sindano wapo wanaokakamaa shingo, macho yakageuka juu, au mikono ikatetemeka. Ndugu wasioelezwa mapema husema sindano imempandisha mashetani, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, na hapo harudi tena. Dakika tano za maelezo kabla ya kuchoma, na agizo la kumleta zahanati mara moja akikakamaa, huokoa mwaka mzima wa matibabu.

Lingine ni daftari la tarehe: jina, kijiji, kipimo, siku ya kurudi, simu ya ndugu na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Asiyefika ndani ya siku tatu apigiwe. Wa kifafa wanaotumia fenobabitoni waandikwe humo humo, na wao wafuatiliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hiyo ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo linaloua.

Hospitali nazo ziache kumruhusu mgonjwa na karatasi iliyoandikwa tu "aendelee na dawa". Ziandike dawa gani, kiasi gani, sindano ya mwisho ilichomwa lini na inayofuata ni lini, kisha zimpigie mratibu wa afya ya akili wa wilaya kabla mgonjwa hajapanda basi.

Muuguzi wa afya ya akili,
Kondoa, Dodoma