Lugha ya Wayaaku haikufa kwa kutopendwa

Kwa Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile ripoti yenu kuhusu Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, hapa Laikipia, Kenya, siwezi kuinyamazia. Eti lugha yao ilikufa kwa sababu vijana hawakuipenda!

Wayaaku walikuwa wawindaji na warina asali, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Masetla wa Kizungu waliponyakua nyanda za Laikipia, wafugaji wanaosema Kimaa, lugha ya Wamasai, walisukumwa hadi Mukogodo, na kufikia miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wakiwaposa mabinti wa Kiyaaku kwa mifugo. Baba gani angepokea mizinga tena? Kijana wa Kiyaaku asiye na ng'ombe akakosa mke, na aliyetafuta ng'ombe akaingia katika lugha ya wenye ng'ombe. Aliyebaki na nyuki wake akaitwa Mtorobo, akadharauliwa kama fukara. Watoto wakalelewa kwa Kimaa. Hao ndio mnaowalaumu? Kimaa kina maneno tele ya rangi na pembe za ng'ombe. Kiyaaku kilikuwa na ya nyuki, ya maua na ya miti ya msitu ule, na ujuzi huo haukuhamia wote upande wa pili.

Na bado tunaendelea. Mpwa wangu alivishwa kibao shingoni katika shule moja ya huku kwa kumsemesha mwenzake kwa lugha ya nyumbani, akashinda nacho hadi jioni. Nilipokwenda kulalamika, nikaambiwa ni kwa faida yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde lugha za wenyeji. Mwalimu yule anamtii nani?

Halafu kuna watafiti. Wanakuja, wanawarekodi wazee kutwa nzima, wanaondoka, na wajukuu wa wazee hao hawazisikii sauti hizo kamwe. Nakala zirudishwe vijijini, kila moja.

Kaunti nayo iwalipe wazee wachache wanaokumbuka maneno hayo, mshahara wa mwezi kama mwalimu wa chekechea. Kila Ijumaa alasiri wawachukue watoto wa darasa la nne msituni, na mtoto asivuke darasa kabla hajataja miti kumi inayopendwa na nyuki, kwa Kiyaaku. Gharama yake haifiki hata ya sherehe moja ya kupokea wageni.

Msomaji wenu,
Doldol, Laikipia