Barua kwa wadadisi wapya: hilo fungu lina nyanya ngapi?

Wanangu mnaoanza kazi ya udadisi wa takwimu,

Nasikia mmemaliza semina, mmepewa vishikwambi na vizibao. Hongereni. Mimi nilianza na penseli kwenye sensa ya 1978, na magoti yangu bado yanakumbuka kila kilima. Nina neno moja tu, ila ni refu kidogo, mnivumilie.

Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania hadi kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Wengine walishangilia, wengine wakauliza mbona mfukoni hawaoni kitu. Wote walikuwa na hoja. Kilichopimwa ni pato la nchi nzima likigawanywa kwa watu wake: ilitoka dola 1,080 kwa mwaka, na kizingiti kilikuwa 1,036. Gawa ng'ombe mia wa tajiri mmoja kwa wanakijiji mia, kila mtu ana ng'ombe wake kwenye karatasi. Maziwa yanabaki kulekule.

Mwaka 1990 mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, akishauriana na Amartya Sen wa India, alileta kipimo kingine kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma miaka mingapi, na kipato chao. Sisi tulioimba ujinga, maradhi na umaskini shuleni hatukushangaa. Ni kipimo bora, lakini nacho ni wastani.

Huko juu hakuna anayeiona kaya. Anayeiona ni wewe uliyepiga hodi.

Kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 1991/92 nilimkuta baba mmoja amekaa kigodani. Nikamuuliza mkewe anafanya kazi gani. "Hana kazi, yupo tu." Nikaandika. Mama mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka pale, mtoto mgongoni, anapepeta mtama. Kabla sijafika ukurasa wa tatu alikuwa ameshatwanga na kuinjika chungu. Nikala ugali wake, nikaaga. Nilishtuka nikiwa njiani, jua limezama, basi ni moja, nikaona uvivu kurudi. Fomu ile ilikwenda Dar es Salaam hivyohivyo.

Kwa kanuni za Pato la Taifa, mama ntilie akiuza wali anahesabiwa. Wali huohuo akiwapikia wanawe, jasho lake halimo. Hilo hamwezi kulibadilisha mkiwa mlangoni kwa watu. Lakini mtama uliolimwa na kuliwa nyumbani unahesabiwa, na ndio unaosahaulika, maana hakuna aliyetoa hela. Muulizeni mama mwenyewe, si msemaji wake.

Halafu kuna fungu. Hapa ndipo vijana wengi niliowasimamia walipoanguka. Fungu la nyanya la mia tano kiangazi lina nyanya saba. Masika lina nne, bei ni ileile. Ukiandika "fungu moja, 500" miezi yote, umeiambia serikali kwamba nyanya hazikupanda bei. Hali kadhalika kisado kilichobonyezwa kitako na kopo lenye nta chini. Muuza dagaa anajua hesabu hizo kuliko sisi sote.

Msidhani ni mambo madogo. Utafiti wa kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi, yaani mstari wa umaskini, kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Gawanyeni kwa siku thelathini, haifiki 1,650. Kwenye mstari mwembamba namna hiyo, kaya inavushwa au kurudishwa umaskini na vitu vya kupima kwa kiganja.

Kwa hiyo mizani msiiache kwenye gari kwa kuwa ni nzito. Pima fungu mbele ya mwenye nyumba, mrudishie nyanya zake zote, hata ile iliyoanguka chini, ndipo uandike. Na ukikaribishwa ugali, kula, kisha muulize aliyeupika.

Mzee wenu, mdadisi mstaafu
Singida