Jino la Lumumba lilipata karatasi za safari, mimi bado: barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji

Kwa Mheshimiwa Bart De Wever,
Waziri Mkuu wa Ubelgiji,
Brussels.

YAH: JINO MMERUDISHA, NA YALE MENGINE?

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Mheshimiwa, japo kwa umri nadhani hatupishani sana. Mimi nauza dagaa na mawese hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, upande wa pili wa ziwa tunaiona Kongo kwa macho hali ya hewa ikiwa nzuri. Sikuwa na mpango wa kukuandikia wewe. Ila mwezi huu wa Juni 2025 mambo mawili yamenikuta wiki moja, nikaona nisipoandika nitapasuka.

La kwanza nimelisikia redioni, kwamba waendesha mashtaka wenu wa Brussels wameomba mzee mmoja wa miaka 92, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana Kongo mwaka 1960, apelekwe mahakamani kwa habari ya kifo cha Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, yule aliyeuawa 1961 likabaki jino mlilolirudisha 2022. Mzee anakana, na hajahukumiwa, simwiti muuaji. Wengine wote waliotajwa na familia ya marehemu wameshakufa, kabaki yeye tu. Familia ilifungua malalamiko mwaka 2011, leo ni 2025. Miaka kumi na minne jamani, mtoto aliyezaliwa siku ile ana ndevu zinaanza kuota!

La pili ni langu mwenyewe. Nimerudishwa tena kwenye ofisi moja hapa mjini, jina naliweka kapuni, nilipofuatilia kitambulisho. Mara ya tano hiyo. Wanasema nilete uthibitisho wa kuzaliwa baba yangu. Baba amezaliwa Baraka, Fizi, enzi hizo Kongo ni mali yenu, na karatasi kama ilikuwepo basi aliiandika Mbelgiji. Sasa Mheshimiwa niiombe wapi kama sio kwako?

Nikueleze baba alifikaje huku. Najua we ni mwanahistoria wa kusomea, usinichoke, mimi naeleza ya kusikia na ya kujisomea usiku.

Mwezi Mei 1960 Wakongo walipiga kura. Chama cha Lumumba, MNC, ndicho kilichopata viti vingi kuliko vingine kwenye bunge la viti 137, akawa Waziri Mkuu kwa kura, sio kwa bunduki. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, mfalme wenu Baudouin akasimama Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akamsifia mfalme wenu wa zamani Leopold wa Pili mbele ya watu ambao babu zao walikatwa mikono enzi zake, na Lumumba akasimama akajibu, akataja matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni. Baba alikuwa anasema siku ile ndo walimuua, zile nyingine zilikuwa za kutafuta namna tu. Sijui. Mi naona hata angenyamaza wangemuua vilevile, maana shaba ya jimbo la Katanga kule kusini isingehama, na Shinkolobwe ilikotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima isingehama.

Hata wiki mbili hazikuisha. Askari wakaasi baada ya yule jenerali wenu Janssens kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru, majeshi yenu yakaingia bila kualikwa na serikali, na tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa huko Katanga, akatangaza Katanga imejitenga, nyuma yake wako maofisa wenu na kampuni ya madini ya Union Minière ikimlipa yeye kodi ambayo ilikuwa ya serikali nzima. Umoja wa Mataifa ukaja ila ukawa unazungukazunguka. Lumumba akageukia kwa Warusi kuomba ndege, basi, jina likapatikana: mkomunisti. Mtu umemkata mguu halafu unamshtaki kwa kuomba fimbo kwa jirani usiyempenda.

Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu akamfukuza kazi kwa redio. Bunge likakataa, likasema huyu ndiye tuliyemchagua, na hapo ndipo watu wengi huwa wanaruka, yaani bunge lilikuwa upande wake! Tarehe 14 Kanali Mobutu akaja na jeshi akawasimamisha wote. Wamarekani nao, ilikuja kutoka kwenye kamati ya seneti yao wenyewe mwaka 1975, walikuwa wameshamtuma mkemia wao, Sidney Gottlieb, na sumu mpaka Léopoldville. Na Oktoba 6 waziri wenu wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, akaandika telegramu kwamba lengo ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Karatasi hiyo mnayo. Wenzetu za kuua mnatunza, za kuzaliwa zinapotea.

Januari 17, 1961 wakamsafirisha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, yeye na wenzake Mpolo na Okito, wanapigwa ndani ya ndege njia nzima, usiku wakapigwa risasi porini, na Wabelgiji wamesimama pale. Halafu polisi wenu, Gerard Soete, akawafukua akawayeyusha kwa tindikali, akabakiza meno, akaondoka nayo kwenda kwao kama mwindaji na pembe zake. Huyo kafa mwaka 2000, baada ya kuyasimulia kwenye televisheni.

Kupinduliwa viongozi wao Chile walifanyiwa 1973, Guatemala 1954, Iran 1953, nayajua yote hayo, lakini hayo sikuandikii wewe, wenye nayo wataandika wao.

Mimi nakuandikia la baba yangu. Alipouawa mtu aliyechaguliwa, watu wa mashariki walishika silaha, wakaitwa Simba. Wakaja mamluki wa kizungu, mkaja na nyie mkashuka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kwa miavuli Novemba 1964 kutoka kwenye ndege za Marekani. Mwaka uliofuata vita ikafika Baraka. Baba ana miaka kumi na saba, akapanda mtumbwi usiku na mama yake na mbuzi mmoja. Kijitabu cha kodi cha babu, chenye mhuri wa Kibelgiji, kililowa ziwani kikawa uji. Bibi aliendelea kukianika hivyo hivyo juu ya jiwe siku tatu. Hiyo ndo karatasi ninayoulizwa leo, Mheshimiwa.

Inawezekana nakuonea, maana wa kuninyima kitambulisho sio wewe. Lakini ukifuata huu uzi kutoka kwenye dirisha la ile ofisi kurudi nyuma, unaishia kwenye meza za Brussels, mimi sijaona unapoishia pengine.

Mwaka 2022 tarehe 20 Juni nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha jirani yangu tunaangalia. Waziri Mkuu aliyekutangulia, De Croo, anawakabidhi watoto wa Lumumba kijisanduku cha buluu, ndani jino moja. Jino likawekwa kwenye jeneza, likapandishwa ndege, likapigiwa saluti, likapelekwa Sankuru kwao, Kisangani, Lubumbashi, mwisho Kinshasa. Nililia, sikufichi. Halafu jirani yangu akasema, unaona bwana, jino lina pasi ya kusafiria na we huna hata karatasi ya kusajilia laini. Tukacheka mpaka tukakohoa. Nimelala usiku ule sijapata usingizi.

(Na ndugu zetu wa Kinshasa nao wasijifanye hawamo, Novemba 2024 watu wamevunja mle kaburini mpaka jeneza, ikabidi serikali iwatoe watu hofu kwamba jino lipo salama. Mtu mwenyewe limebaki jino, na hilo mnashindwa kulilinda. Ila hayo nitawaandikia wenyewe.)

Sasa ahadi. Mwaka 2001 kamati ya bunge lenu ilisema baadhi ya mawaziri wenu wa wakati ule na Wabelgiji wengine wana wajibu wa kimaadili kwa mazingira yaliyoleta kifo cha Lumumba. Wajibu wa kimaadili, maneno matamu hayo, hayana risiti. Februari 2002 waziri wenu wa mambo ya nje Louis Michel akaomba radhi, na akatangaza Mfuko wa Patrice Lumumba, euro milioni 3.75 za kuanzia, na nyingine zisizopungua laki tano kila mwaka, kwa ajili ya demokrasia Kongo, kuzuia migogoro na kusomesha vijana. Baba alisikia hiyo habari. Alinunua daftari, kweli kabisa, akaandika jina langu na la wadogo zangu wanne na tarehe zetu za kuzaliwa, akisema siku wakija kuuliza tuwe tayari. Amefariki 2009. Daftari ninalo, panya wamekula kona.

Mfuko uko wapi Mheshimiwa? Miaka ishirini na tatu. De Croo ameomba radhi tena, mfalme wenu wa sasa amekuja Kinshasa amesikitika, kamati yenu nyingine ya mambo ya ukoloni imekaa zaidi ya miaka miwili na Desemba 2022 ikavunjika kwa sababu hamkukubaliana kuhusu neno samahani. Mnasikitika vizuri sana nyie watu, hongereni. Mfuko uko wapi?

Najua kuhusu kesi utasema mahakama ziko huru, wala sikuombi uingilie. Nitaomba mzee yule aishi, kwa kweli namwombea uzima kuliko hata wanawe, aseme aliyoyaona hata kama ni ya kumsafisha, maana akienda naye ndo basi, tutaambiwa tena hakuna wa kumuuliza. Na kama kuna kabati huko mna madaftari ya kodi ya Fizi ya miaka ya hamsini, muajiri kijana mmoja akae wiki moja atafute jina la babu yangu. Na kama hilo nalo ni zito, liache. Kesi iache, kabati liache, hata hiyo samahani iache tumeshashiba. Nijibu hili la mfuko tu. Kama ulikufa, semeni umekufa, tuuzike na wenyewe kwa saluti.

Ukijibu, usishangae namba ya simu ni ya mwanamke. Ni ya mke wangu, laini zetu zote mbili zimesajiliwa kwa alama za vidole vyake.

Wako,
Mtoto wa mkimbizi wa Baraka,
Kibirizi, Kigoma.