Uliza Jumanne Yao Ikoje

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniambia umetuma maombi 34 na hakuna hata mmoja aliyekujibu. Kisha ukacheka, kile kicheko chako cha kuficha kilio, ukasema, "Mama, sasa hivi nachukua chochote." Nikakwambia Mungu yupo, nikakata simu, na usingizi ukanipaa. Ndiyo maana naandika.

Kuchukua chochote si aibu. Kodi ya nyumba haisubiri mtu aipate kazi ya moyo wake, kwa hiyo ikitokea ya kukusitiri, shika. Ila ile nyingine usiache kuitafuta, na usiitafute kwa jina. Hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoona tangazo la "Ofisa Uhusiano na Wateja". Napenda watu, napenda maongezi. Nikaona kazi hii imeshonwa kwa vipimo vyangu. Nikaipata. Siku ya kwanza nikakabidhiwa simu na orodha ndefu ya majina, wote wadaiwa sugu. Uhusiano wenyewe ndio huo! Kutwa kuwapigia watu wasiotaka kupigiwa, kutukanwa, kuliliwa, na jioni kuandika nani kaahidi kulipa lini. Kila Jumapili jioni tumbo lilinikata, kwa miezi 14. Wala hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza. Ningeuliza swali moja tu siku ya usaili, "Aliyekuwa kwenye nafasi hii, Jumanne iliyopita alifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni?", ningejua naingia wapi.

Basi wewe uliza Jumanne yao ikoje. Kila kazi ina jina la kutambulishwa nalo ukumbini, na ina shughuli zake za kila siku ambazo hakuna anayezipigia makofi. Mwalimu anasahihisha madaftari. Mwanasheria anasoma makaratasi mpaka macho yanawasha. Mtengeneza programu anatafuta kosa moja siku mbili nzima. Ukitaka kujua kama utaipenda kazi, angalia kama ile sehemu yake ya kuchosha unaivumilia, au hata unaionea raha.

Baba yako anasema nakuharibu, kazi ni kazi, habari za kupenda ni za watu wenye nafasi. Huyo anayesema hivyo amestaafu, na bado akisikia injini inagonga vibaya anasimama barabarani kuisikiliza.

Na wewe una yako. Ulipokuwa na miaka tisa ulifungua redio yangu. Haikuwahi kusema tena, nilikuchapa, nisamehe. Lakini baadaye nilikuta karatasi nne umechora kila skrubu ilipotoka, na mishale, na namba. Usiniambie ule ulikuwa utoto. Mtu anayechora skrubu anaweza kuandika miongozo ya mitambo, kufundisha mafundi, kukagua ubora wa bidhaa kiwandani. Katika hizo 34 sikuona hata moja ya namna hiyo. Niliona vyeo.

Jambo jingine: zote umezituma kwenye mitandao, kwa watu wasiokujua. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu wanayefahamiana naye. Ungedhani ni rafiki wa karibu au ndugu. Asilimia 16.7 tu ndio walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Ukifikiri, ndivyo ilivyo: rafiki zako wanayajua yaleyale unayoyajua, aliye mbali kidogo anapita kwingine na kusikia mengine. Mimi kazi ya masjala, niliyoifanya kwa furaha mpaka nikazeeka nayo, niliambiwa na mwanamke niliyesoma naye kozi ya jioni. Tulikuwa hatujaonana miaka mitatu.

Kwa hiyo watafute: uliosoma nao, uliofanya nao mafunzo kazini, yule msimamizi wako wa zamani. Ila usiwaombe kazi. Ukimwomba mtu kazi atakwambia hana, na hatokei tena. Mwombe dakika 20 akueleze kazi yake inakwendaje. Watu wanapenda kuulizwa hilo kuliko unavyofikiri, na mara nyingi mwishoni anasema, "Hebu zungumza na fulani."

Barua yako ya maombi nimeisoma. Mwanangu, barua ile ingeweza kwenda benki, hospitali au kwenye sarakasi bila kubadilisha neno. "Nina bidii, nafanya kazi kwa ushirikiano" wanaandika wote, hata wavivu. Toa hiyo sentensi, weka kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako na kilichotokea baada ya hapo. Kisha taja jambo moja la kwao lililokuvuta, jambo ambalo huwezi kulisema kwa mwajiri mwingine.

Kwenye usaili, usichokijua sema hukijui, halafu eleza ungekitafutaje. Na wakimaliza wakikuuliza una swali, usijibu "hapana, asante" kama ulivyolelewa kujibu ukiwa ugenini. Hapo ndipo pa kuuliza ile Jumanne. Sikiliza, na watazame nyuso wanapojibu. Wakianza kuangaliana, umeshapata jibu.

Iandike upya hiyo barua, unitumie kabla hujaituma kwao. Zile karatasi nne bado ninazo, nimeziweka kwenye bahasha ya vyeti vyako. Ukizihitaji siku ya usaili niambie, nizipige picha.

Mama yako