Usitume ile pesa

Mpendwa Mama Junior,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ni baridi tu imeshaanza. Mama msalimie sana, shikamoo yake nitaileta mwenyewe Desemba.

Kuhusu nyumba ya kupanga ukihamia huku Njombe, naomba usimtumie yule dalali hata shilingi. Nimekwenda naye Mjimwema kuiona ile nyumba ya kwenye picha. Vigae vipo, jipsamu ipo, lakini ukuta wa chumbani una ukungu mpaka usawa wa kitanda. Wameupaka rangi juu kwa juu, na rangi yenyewe imeanza kubanduka kama magamba. Njombe ya Juni na Julai unaisikia tu. Junior na kifua chake alale mle? Hapana. Halafu 120,000 kwa mwezi, mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali achukue mwezi wake. Hiyo ni 1,560,000 kabla hujanunua hata ndoo! Wakisikia tu watumishi wapya wanakuja kuripoti, bei zinapanda. Inaniuma sana.

Mama Eliza amenionyesha pengine, bila dalali. Chumba na sebule, choo ndani, 80,000. Maji ni ya bomba la uani, asubuhi yanatoka vizuri. LUKU ni yako peke yako, mita nimeiona kwa macho yangu. Hilo nililishikilia, maana kwetu tunachangia, mwenye friji na mwenye taa moja wanatoa sawa, na kila umeme ukiisha ni ugomvi. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, 1,500 kila mwezi, ni ya mwenye nyumba. Amekubali tuitoe kwenye pango, ila nataka iandikwe kwenye mkataba.

Kikwazo ni kwamba mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000. Nimembembeleza achukue mitatu, bado anasitasita.

Yule dalali akikupigia tena, mwambie umeshapata. Atakuambia kuna mteja mwingine njiani, mwache ampe.

Sasa niambie, barua ya uhamisho umeishika mkononi? Junior unakuja naye, au anabaki kwa bibi mpaka shule zifunguliwe? Kitanda unabeba, au niulizie fundi hapa? Na hiyo 480,000 itapatikana mwisho wa mwezi, au nirudi kwa mwenye nyumba nimwombe tena? Nijibu mapema, jana jioni kuna mwalimu kaja kukiangalia hicho chumba na kapima kabisa dirisha kwa ajili ya pazia.

Ndugu yako,
Mama Ima